Vitenzi vya Watu wa Kawaida: Historia Fupi ya Vitenzi Virai katika Kiingereza

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha Kiswahili mgeni kutoka Uingereza anaikumbuka siku ya somo la kitenzi "piga". Mgeni amekwisha kuambiwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu au kugonga kitu. Kisha anasikia kwamba dada anapiga pasi, baba anapiga simu, watoto wanapiga kelele na mzee anapiga magoti kanisani. Hushika kichwa na kuuliza: mbona Waswahili hupiga kila kitu? Darasa zima huangua kicheko.

Hata hivyo, kicheko hicho kina zamu yake. Mwanafunzi wetu aliyecheka amesoma Kiingereza tangu shule ya msingi na huandika insha ndefu bila kosa. Jioni akikaa kunywa chai na mgeni yuleyule, humsikia akisema kwamba siku hizi "gave up" sigara, kwamba hawezi "put up with" joto la mchana, na kwamba gari alilopanda jana "broke down" njiani. Kila neno analijua peke yake: kutoa, kuweka, kuvunjika, juu, chini, pamoja na. Akiyajumlisha hapati kitu. Mtu hutoaje sigara juu?

Maneno ya namna hii katika makala haya tutayaita vitenzi virai, kwa kuwa kitenzi na kijineno kinachokifuata hushirikiana kuunda kirai kimoja chenye maana moja. Nakusudia kueleza vilikotoka. Hoja yangu ni kwamba vitenzi hivi si uzembe wa wasemaji wala si ajabu isiyo na sababu. Ni hazina iliyobaki vinywani mwa watu wa kawaida wakati wakubwa wao walipokuwa wakiandika na kuhukumu kwa lugha nyingine. Anayejifunza Kiingereza akaviruka amejifunza lugha ya wakubwa peke yake. Nasi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna la kujifunza katika historia hiyo.

Hapo kale kijineno kilitangulia

Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, kilipenda kuweka kijineno mbele ya kitenzi, kikishikamana nacho kama kiambishi awali. Masalia yake yapo hadi leo: "forgive" ni kusamehe, "forbid" ni kukataza, "overcome" ni kushinda, "withstand" ni kuhimili. Hata "understand", yaani kuelewa, ni kitenzi cha kusimama kilichotanguliwa na kijineno. Hakuna Mwingereza wa leo anayefikiria habari za kusimama anapokitamka. Kwa hiyo tabia ya kuunganisha kitenzi na kijineno ili kupata maana mpya isiyokisika kwa urahisi ni ya zamani sana katika lugha hii. Kilichobadilika ni mahali pa kijineno.

Viambishi hivyo vilikuwa vikichakaa. Vingine vilitamkwa kwa unyonge hata vikapotea kabisa, na vingine havikuongeza tena maana yoyote iliyo wazi. Msemaji aliyetaka kuonyesha mwelekeo au ukamilifu wa tendo alihitaji neno lenye sauti yake na uzito wake, mfano wa "up", "out", "off" na "down". Maneno hayo yalikuwapo tangu zamani, aghalabu yakitangulia kitenzi. Polepole yakazoea kukaa nyuma yake.

Wageni kutoka kaskazini

Mabadiliko hayo yalikutana na tukio la kihistoria. Mwaka 793 mabaharia wa Skandinavia walishambulia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza. Katika karne iliyofuata wengi wao hawakurudi kwao, bali walihamia pande za kaskazini na mashariki, wakalima, wakaoa na kufanya biashara. Kuanzia mwaka 1016 hadi 1035 mfalme wa Uingereza alikuwa Mdenmaki, Cnut. Lugha ya watu hao ilikuwa ndugu wa Kiingereza, ila yenyewe ilikuwa imekwisha kupoteza viambishi awali vingi na kuzoea kuweka kijineno baada ya kitenzi.

Wataalamu wanajadiliana kuhusu kiasi cha athari hiyo, maana Kiingereza chenyewe kilikuwa kikielekea huko huko. Lakini jambo moja halina ubishi: vitenzi vya Kiingereza vyenye kazi nyingi kupita kiasi, "take" na "get", vilitoka katika lugha ya wageni hao. Navyo havikuletwa na makasisi wala mahakimu. Vilijifunzwa sokoni na mashambani, pale jirani alipohitaji kuelewana na jirani.

Mfano mzuri wa awali unapatikana katika kumbukumbu za kila mwaka zilizoandikwa kwenye monasteri ya Peterborough, mashariki mwa nchi, ambazo zilikoma kwa habari za mwaka 1154. Chini ya mwaka 1137 mwandishi anasimulia ukorofi wa enzi ya Mfalme Stephen. Anaeleza kwamba mfalme aliwatia gerezani Askofu Roger wa Salisbury na Askofu Alexander wa Lincoln, mpaka waliposalimisha ngome zao. Hapo penye kusalimisha ametumia kitenzi cha kutoa kikifuatwa na kijineno "up". Ni "give up" hii hii inayomsumbua mwanafunzi wetu leo. Ngome za maaskofu na sigara za mgeni zimekutana katika kitenzi kimoja: mtu ameachia kitu alichokuwa amekishikilia.

Mfalme mgeni na lugha mbili

Wakati kumbukumbu hizo zinaandikwa, Kiingereza kilikuwa lugha ya watawaliwa. Mwaka 1066 William wa Normandy alikuwa ameivamia nchi na kuitwaa. Baada yake Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mabwana, na Kilatini lugha ya kanisa na maandishi ya serikali. Hali hiyo ilidumu kwa vizazi vingi. Mwaka 1362 ndipo ilipopitishwa sheria ya kutaka kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yaliyosemwa juu yao mahakamani. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kilipata maneno mawili mawili kwa tendo moja. Bwana alipoingia ukumbini alitumia neno la asili ya Kifaransa, "enter". Mtumishi wake alitumia "go in". Kusalimisha kukawa "surrender" kwa mmoja na "give up" kwa mwingine. Kilatini nacho kikaongeza "extinguish" kwa kuzima moto, ilhali mwenye nyumba inayoungua alipiga kelele kwa kutumia "put out". Kwa kuvumilia wasomi wana "tolerate", na watu wa kawaida wana "put up with".

Kwa ukoo wao, maneno ya kisomi hayatofautiani sana na yale ya watu wa kawaida. Chunguza "descend" na "extinguish": nayo ni vitenzi vilivyoungana na vijineno vya Kilatini vyenye maana ya kushuka na kutoka. Tofauti ni kwamba vijineno hivyo viliunganishwa Roma, na Waingereza wakavipokea vikiwa vimeshonwa tayari. Anayesema "put out" anashona mwenyewe, kwa uzi wake.

Wasomi wavikunjia uso

Karne ya 16 Kiingereza kilipata heshima mpya. William Tyndale alichapisha tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1526, akitaka hata kijana wa shamba aweze kuyaelewa Maandiko. Vitenzi virai vikaingia kanisani. Mathalani kutoa pepo kukawa "cast out". Tafsiri iliyoidhinishwa na Mfalme James mwaka 1611 ilichukua sehemu kubwa ya maneno ya Tyndale, na vitenzi hivyo vikasomwa kwa sauti kila Jumapili.

Hata hivyo, karne ya 17 ilileta wasomi waliokipima Kiingereza kwa mizani ya Kilatini. Mshairi John Dryden alikiri kwamba alipotilia shaka sentensi yake ya Kiingereza aliitafsiri kwanza kwa Kilatini ili aone kama imekaa sawa. Mwaka 1672 alimlaumu mtangulizi wake, Ben Jonson, kwa kumaliza sentensi kwa kijineno. Kisha akagundua kwamba yeye mwenyewe ana kosa hilohilo. Alipotoa upya insha yake ya mwaka 1668, katika chapa ya mwaka 1684, akaondoa vijineno vilivyokuwa mwishoni mwa sentensi zake. Ingawa Dryden hakuwa akivisema vitenzi virai hasa, shuka hiyo iliwafunika pia. Vizazi vya watoto wa shule vilifundishwa kwamba sentensi iliyokomea kwenye "up" au "with" ni sentensi ya mtu asiyesoma.

Tuipe haki yake historia: wasomi hawakuwa kitu kimoja. Samuel Johnson, ambaye mwenyewe aliandika kwa maneno mazito ya Kilatini, alitoa kamusi yake mwaka 1755 ikiwa na vidahizo zaidi ya 40,000. Katika dibaji aliwaonya wageni kwamba hapa ndipo watakapoona ugumu mkubwa kuliko wote, akaorodhesha mifano kadhaa, na kueleza kwamba amejitahidi kuvikusanya kwa uangalifu. Hakusema vifutwe. Aliviona ni vya ajabu, lakini aliona ni wajibu wa mtunga kamusi kuviingiza. Kitenzi "take" peke yake alikipa maana zaidi ya 100.

Jina lenyewe la Kiingereza la vitenzi hivi ni changa. Logan Pearsall Smith, mwandishi mzaliwa wa Marekani aliyeishi Uingereza, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kwamba alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Watu walivitumia kwa karne nyingi kabla ya wasomi kukubaliana vitaitwaje.

Hesabu iliyofichwa

Mwaka 1930 C. K. Ogden, msomi wa Cambridge, alitangaza Kiingereza kilichopunguzwa kwa ajili ya wageni. Kilikuwa na maneno 850 tu, na kati ya hayo vitenzi havikuzidi 18, vikiwamo "come", "go", "get", "give", "put" na "take". Mpango huo ulivutia wengi; Winston Churchill aliusifu hadharani katika chuo kikuu cha Harvard mwaka 1943.

Ogden aliwezaje kuendesha lugha kwa vitenzi 18? Alivifunga na vijineno. Badala ya "enter", utumie "go in". Badala ya "extinguish", "put out". Kwa karatasi hesabu ilikuwa safi. Kwa mwanafunzi haikuwa hivyo, kwani anayejua "put" na anayejua "out" bado hajajua kwamba ukiviweka pamoja moto unazimika. Maneno yaliyofukuzwa mlangoni yalirudi dirishani, ila sasa hayakuhesabiwa. Ogden aliona ukweli mmoja, kwamba vitenzi vidogo vya watu wa kawaida vinaweza kubeba lugha nzima. Ukweli wa pili aliupita: kitenzi na kijineno chake ni neno jipya, nalo lifunzwe kama neno jipya.

Hali ya leo

Tangu miaka ya 1970 wachapishaji wamekuwa wakitoa kamusi za vitenzi virai peke yake. Tangu kompyuta zianze kutumika kuhesabu maneno, jambo ambalo wasemaji walilijua limethibitishwa: vitenzi hivi hujaa katika mazungumzo na hadithi, na hupungua sana katika maandishi ya kitaaluma. Wamarekani Dee Gardner na Mark Davies walipochunguza mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, waliripoti mwaka 2007 kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno 8, vinatosha kutoa zaidi kidogo ya nusu ya vitenzi virai vyote vilivyomo. Mlima unaotisha kwa mbali una njia ya kuupanda.

Kila zana mpya huongeza vitenzi hivi. Simu za zamani zilining'inizwa ukutani, hivyo kukata simu kukawa "hang up". Leo simu iko mfukoni na neno ni lilelile. Ndege zilipokuja, kuruka kukawa "take off". Kompyuta zikaleta "log in".

Na sisi Afrika Mashariki? Kiingereza hakikuletwa kwetu na wakulima wa Yorkshire. Kilikuja na shule, mahakama na ofisi, yaani kilikuja kupitia mlango wa mabwana. Ndiyo maana mwanafunzi wetu hutumia "commence" na "tolerate" bila kusita, lakini "put up with" humkwaza. Hata tunapovitumia, mara nyingi tunapunguza vijineno: hapa Kampala rafiki atakuambia atakuja "pick" wewe saa mbili, naye Mwingereza atangojea "up" isiyokuja. Hatuko peke yetu. Utafiti wa Dagut na Laufer wa mwaka 1985 ulionyesha kwamba wanafunzi wasemao Kiebrania huvikwepa vitenzi hivi na kuchagua neno moja la kisomi. Gharama yake si alama za mtihani, kwa kuwa mtihani huweza kupitwa kwa "tolerate". Gharama ni kukaa kando watu wanapozungumza, ukiwa na shahada mkononi.

Somo kwa mwalimu wa Kiswahili

Je, Kiswahili hakina mambo haya? Kinayo, kwa njia yake. Pale Kiingereza kinapoongeza kijineno, Kiswahili mara nyingi hunyambua: toka, tokea, tokeza, panda, pandisha. Pale Mwingereza anapoweka yambwa katikati, "put it out", Mswahili huiweka tumboni mwa kitenzi: waizime. Pale anaposema "give up" kwa maana ya kuvunjika moyo, Mswahili hukata tamaa, kitenzi kikiungana na nomino. Wala hakuna kisu kilichotumika. Na "tupilia mbali" inakaribiana mno na "throw away": mnyambuliko na kielezi vimeshikana kuonyesha kwamba tendo limekamilika na kitu hakirudi. Linganisha na "ulia mbali" na "potelea mbali".

Kuna sadfa ya kupendeza hapa. Mwaka uleule wa 1930 Ogden alipotoa maneno yake 850, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Katibu wake wa kwanza aliitwa Johnson pia, Frederick Johnson. Kamusi Sanifu iliyotokana na kazi yake ilichapishwa mwaka 1939, baada ya kifo chake, na chini ya kidahizo cha "piga" iliwekwa orodha ndefu ya matumizi. Johnson wa pili alikumbana na kazi ya Johnson wa kwanza: mahali ambapo kitenzi kimoja kidogo kimebeba mizigo ya watu wote.

Lakini darasani tunafanya nini? Wengi wetu tunafundisha "piga" kama kuchapa, "kata" kama kutenganisha kwa kisu, "tia" kama kuweka ndani, kisha "piga pasi", "kata rufaa" na "tia moyo" tunazitupa katika sura ya mwisho ya misemo, ambayo muhula huisha kabla haijafikiwa. Tunarudia kosa la Ogden. Mwanafunzi wa Gulu au Mbarara aliyefundishwa hivyo atafaulu sarufi, kisha atashuka basi Mombasa na kushindwa kuelewa maongezi ya muuza kahawa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wanaongezeka, tusiwape nusu ya lugha.

Hitimisho

Vitenzi virai vya Kiingereza vilidharauliwa na mabwana, vikachunguzwa kwa kipimo cha Kilatini na kuondolewa katika insha za wakubwa, na bado vipo, kwa sababu aliyekuwa akiwasha moto jikoni hakuwa na sababu ya kuviacha. Lugha huhifadhiwa na wanaoitumia kuanzia asubuhi hadi usiku. Napendekeza basi kwamba kila mwalimu wa idara yetu afundishe virai vya "piga", "kata", "tia" na "pata" kuanzia muhula wa kwanza, kila kimoja kama neno kamili, ndani ya sentensi ambayo mtu huisema kweli. Na siku mgeni atakapouliza kwa nini Waswahili hupiga kila kitu, tusiishie kucheka. Tumwulize naye kwa nini Waingereza walizitoa ngome juu, halafu somo lianze.